Uliza Tukujibu: Marafiki wanne, siku nne Ahmedabad, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo anti, mimi msomaji wenu wa Unguja. Tuko marafiki watatu tangu sekondari, wa nne wetu yuko India anasoma Ahmedabad na Desemba tumepanga kwenda kumtembelea, tiketi tayari, tunashukia Mumbai halafu tunapanda treni. Pale mjini tutakaa siku nne tu. Ugomvi umeshaanza kwenye grupu, mmoja anasema Ahmedabad hakuna kitu twende Agra tukaone Taj Mahal, mwengine anataka kununua nguo basi, hataki kusikia habari ya makumbusho, na mimi napenda majengo ya kale maana nimekulia Mji Mkongwe. Huko kweli kuna cha kuona? Na tufanyeje tusirudi tumenuniana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bakini Ahmedabad siku zote nne, na huyo wa Taj Mahal mwambieni anti ndo kasema. Agra kutoka hapo ni usiku mzima kwenye treni kwenda na usiku mwingine kurudi, mtafika mmechoka, mtasimama foleni, mtapiga picha, na siku mbili zimeshakwenda wakati mwenyeji wenu yuko Ahmedabad na yeye ndo mliyemfungia safari. Taj Mahal haihami, mtaenda mwaka mwingine mkiwa na wiki mbili.

Na huu mji sio wa kupuuzwa. Uliasisiwa 1411 na Sultani Ahmad Shah wa Gujarat kando ya mto Sabarmati, na 2017 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, mji wa kwanza India kupata hadhi hiyo, Jaipur wenyewe ulifuata 2019. Lakini mimi sababu yangu kubwa sio hiyo UNESCO. Sababu yangu ni msikiti mmoja, na kila Mwafrika anayeniambia anaenda Ahmedabad namwambia neno hili hili, nenda kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed kabla hujaenda popote.

Ni mdogo, ukipita na bajaji mnaweza kuupita hivi hivi maana umekaa katikati ya barabara pale Lal Darwaja, magari yanauzunguka na honi haziishi. Aliyeujenga ni Sidi Saiyyed, Mhabeshi, mtu wa Afrika, aliyetumikia chini ya majemadari wa usultani wa Gujarat. Ulijengwa 1572 hadi 1573, wakati ule ule Akbar mfalme wa Mamughal anaiteka Gujarat, usultani ukaishia hapo na msikiti ukabaki. Sasa msisimame mbele mkapiga selfi mkaondoka, zungukeni mpaka nyuma, ukuta wa magharibi. Tazameni juu. Kuna madirisha ya nusu duara, hayana kioo wala mbao, ni jiwe tupu la rangi ya manjano limetobolewa vitundu vitundu kama kofia ya viua, na kwenye yale mawili yanayosifiwa kuna shina la mtende limesimama wima na pembeni yake mti mwingine unajizungusha, matawi yanapinda, yanapishana, yanapita chini ya mengine yanatokea juu, unafuata tawi moja kwa macho mpaka ukingoni na hulipotezi. Jiwe hilo! Patasi ikiteleza mara moja kazi imeharibika. Dirisha la katikati wala halina nakshi, limezibwa kwa mawe, na kuliona lile tupu katikati ya yale mengine ndo unaelewa kazi iliyofanyika pembeni yake.

Nendeni alasiri, kwa sababu ukuta unatazama magharibi na jua la saa kumi linapenya kwenye vile vitundu, nakshi yote inashuka sakafuni. Kina dada mnaweza kuambiwa msiingie ukumbi wa kuswalia, msigombane na mtu, kaeni uani, jengo lenyewe liko wazi kwa mbele na kutoka nje nakshi inaonekana vizuri tu. Waingereza walipoutawala mji waliufanya ofisi ya serikali na kuupaka chokaa ndani, mpaka alipokuja Lord Curzon, mtawala wao mkuu wa India, akaamuru ofisi ihame. Leo yale matawi ndo alama ya mji mzima, mtayaona kwenye zawadi za madukani, na chuo kile kikubwa cha biashara cha IIM Ahmedabad nembo yake imetokana nayo.

Mimi jambo hili linanigusa sana, nisikufiche. Shuleni tulisoma kwamba Waafrika walivuka bahari ya Hindi kama watumwa na kweli walipelekwa hivyo, wengi mno, kutoka Uhabeshi na kutoka pwani yetu hii. Lakini hatukuambiwa kwamba wengine walipanda wakawa makamanda na wajenzi, na kwamba vizazi vyao wapo Gujarat mpaka leo wanaitwa Masidi, wengi wako upande wa Gir, wanaongea Kigujarati na wana ngoma yao wanayocheza kwenye ziara za mawalii wao. Ukiwa na nafasi ya kumwonyesha rafiki yako anayesema "hakuna kitu" kazi ya mikono ya Mwafrika ambayo India nzima inajivunia, halafu ukaiacha ukaenda kupanga foleni Agra, kwakweli mtakuwa mmejinyima. Na karibu na stesheni ya Kalupur kuna minara miwili yenye jina la Sidi Bashir, imeunganishwa na tao, msikiti wake haupo tena, inasifika kwamba mmoja ukitikiswa juu baada ya muda kidogo na wa pili unatikisika wenyewe. Siku hizi kupanda hawaruhusu, mtaitazama kwa chini.

Siku inayofuata amkeni mapema wote, hata huyo wa nguo. Manispaa ya Ahmedabad ina matembezi ya miguu ya mji wa kale, wameyaanzisha 1997, yanaanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur kwenye saa mbili asubuhi na kuishia Jama Masjid, muulizeni mwenyeji wenu ahakikishe nafasi siku moja kabla. Hapo mnapita ndani ya mitaa wanayoiita pol. Pol ni mtaa wenye lango lake, zamani usiku lango linafungwa, ndani vichochoro vinajikunja vingine havina pa kutokea na vingine vinatokea mtaa wa pili kwa mlango ambao mgeni hawezi kuujua. Nyumba ni za mbao zenye nakshi, nguzo, roshani, mabano yaliyochongwa tembo na maua, mbele zina baraza na wazee wamekaa wanasoma gazeti. Chini ya ua wa nyumba nyingi kuna tangi la kuhifadhia maji ya mvua, na kwenye makutano ya vichochoro kuna kimnara cha mbao cha kulishia ndege, kimechongwa kwa adabu ile ile ya nyumba ya tajiri.

Wewe uliyekulia Mji Mkongwe utasimama kila mlango, najua. Milango ya Kigujarati ya kwenu Unguja, ile yenye vibawa vinavyokunjika, na roshani za lile jengo la Zahanati ya Kale lililojengwa na Tharia Topan, tajiri aliyetoka Kutch, magharibi ya Gujarat, ndugu wa milango na roshani hizo wako huko Ahmedabad. Beba picha za mlango wa mtaani kwenu kwenye simu, fundi seremala au mzee wa barazani ukimuonyesha mtaongea hata kama hamna lugha ya pamoja. Ila mle wanaishi watu, sio makumbusho, mtu anaanika nguo na mtoto anaoga, kwa hiyo salamu kwanza, "kem cho", ndo uombe kupiga picha. Na msishangae kuona nyumba nzuri inaanguka, zipo nyingi zimefungwa, warithi wamehamia ng'ambo ya mto kwenye maghorofa na kuitengeneza mbao ni gharama. Inauma kuangalia.

Jama Masjid mtaufikia mwishoni. Ulimalizika 1424, una nguzo 260 na uwanja mkubwa wa mawe, viatu mnavua getini na jua likishapanda lile jiwe linachoma, vaeni soksi. Minara yake ilianguka kwa tetemeko la 1819.

Kutoka hapo huyo wa nguo mwachieni, maana mlango wa mashariki tu unatokea sokoni kwenye makaburi ya malkia wanayoyaita Rani no Hajiro, vibanda vimeyazunguka, wanauza mapambo, sketi za kuchezea garba, ngoma ya Kigujarati, hina, shanga. Dhalgarwad ni hapo hapo karibu, huko ndo bandhani, vitambaa vinavyofungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi, na pamba za kukata kwa mita. Bei ya kwanza sio bei, mnajua wenyewe. Jioni kuna soko la Law Garden ng'ambo ya mto, nguo zenye darizi za Kutch na vioo vidogo vidogo, nzuri lakini muangalie nyuma ya kitambaa, kama uzi umepita sawasawa kila kioo kimeshikwa pande zote ni mkono, kama nyuma kuna gundi acha.

Usiku nendeni Manek Chowk. Hiki kiwanja asubuhi ni mboga, mchana ni masonara wa dhahabu na fedha, wakishafunga maduka meza za chakula zinaingia na watu wanakula mpaka baada ya saa sita. Jina ni la Manek Nath, mtu wa ibada aliyekuwa anaishi pale kabla ya mji. Wanasimulia kwamba sultani alipoanza kujenga ukuta, Manek Nath mchana anasuka mkeka, usiku anaufumua, na kila akifumua ukuta uliojengwa mchana unaanguka, mpaka walipoenda kumtafuta na kumtuliza ndo ukuta ukasimama. Kuleni pav bhaji, mboga za kupondwa na mkate, kuleni dosa, chapati nyembamba ya mchele, malizieni na kulfi, aiskrimu nzito ya maziwa.

Siku mbili zilizobaki msizijaze. Moja asubuhi nendeni Adalaj, kama kilomita 18 kaskazini, kisima cha ngazi cha 1499, mnashuka ghorofa tano chini ya ardhi na kila ghorofa nguzo zimechongwa, baridi inaongezeka kadri mnavyoshuka. Mtawala wa hapo, Rana Veer Singh, alikianza, vita ikamuua, Sultani Mahmud Begada akakimaliza, na wenyeji watawasimulia habari ya malkia Rudabai kwa urefu kuliko nitakavyoweza hapa. Nyingine nendeni nyumbani kwa Gandhi, Sabarmati Ashram, bure haulipi. Aliishi pale 1917 mpaka 1930, na tarehe 12 Machi 1930 alitoka kwa miguu na wenzake kwenda Dandi baharini kuokota chumvi, akaapa harudi mpaka India iwe huru. Chumba chake kina vitu vichache mno, godoro la sakafuni, meza ndogo ya kuandikia, gurudumu la kusokotea uzi. Kaeni pale kwenye ngazi za mto, msiwe na haraka.

Kuhusu kununiana, hilo linatokana na hela na njaa, nimeona marafiki wengi safarini. Wekeni mfuko mmoja, kila asubuhi kila mtu atie kiasi sawa, humo zitoke nauli, maji na chakula, ashike mmoja, na manunuzi kila mtu kwa lake. Asubuhi muwe pamoja, mchana kila mtu na njia yake, jioni mkutane kwenye chakula. Na mwenyeji wenu ni mwanafunzi, msimfanye mtembeza wageni wa bure kutwa nzima halafu mumuachie alipe na riksha.

SWALI: Assalam aleikum dada. Nakuandikia kutoka Mombasa. Mwezi wa pili naenda Ahmedabad na mashoga zangu wawili na mume wangu, nasikia huko watu hawali nyama kabisa na mume wangu bila nyama hajala. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Nyama ipo. Wengi wa Gujarat ni kweli hawali, Majaini, wafuasi wa dini ya Jaini, na Wahindu wengi, lakini mji wa kale Waislamu wako tele na karibu na lango la Teen Darwaza kuna kichochoro cha wapishi, Bhatiyar Gali, harufu itampeleka mwenyewe, kebabu, mchuzi wa nyama, mikate ya moto kutoka tanuri. Jioni ndo kunachangamka.

Lakini mwambie mara moja tu akae kwenye thali ya Kigujarati na asiwe na shaka. Sahani kubwa ya chuma na vibakuli vyake, mhudumu mmoja anapita na mboga, mwingine na dali, mwingine na mikate midogo iliyopakwa samli, na kila kibakuli kikipungua wanajaza bila kuulizwa mpaka ufunike sahani kwa mkono. Dali yao ina utamu wa sukari guru, wengi wa pwani wanashtuka kwenye kijiko cha kwanza halafu wanaomba tena. Nyinyi wa Mombasa mlio na bhajia, kachori na chevda madukani mtaona mnavijua nusu ya vitu, ila dhokla ya asubuhi, keki ya dengu ya mvuke, ikiwa bado moto, na fafda, vipande vya unga wa dengu vya kukaanga, na jalebi tamu za Jumapili, hizo kaleni pale pale barabarani. Na mwezi wa pili baridi haijaisha vizuri, ulizeni undhiyu, mboga za msimu wa baridi zinazopikwa pamoja, viazi vitamu, bilinganya, ndizi mbichi, maharage ya kijani, ukikuta imebaki usiache. Maji ya chupa tu, na barafu ya barabarani acheni.

SWALI: Anti habari, niko Nairobi. Sisi mabeste wanne tunapenda raha, Ahmedabad tutapata baridi kidogo ama vipi? Na kuzunguka mjini ni mambo ya matatu ama?

JIBU: Nzuri kijana wangu. Bia hapana. Gujarat pombe imekatazwa tangu jimbo lilipoanzishwa 1960, mabaa hakuna, na kukamatwa nayo ni kosa la jinai. Mgeni wa nchi za nje kuna kibali anaweza kuomba, baadhi ya hoteli kubwa zina duka lake, lakini ushauri wangu wa dhati pumzikeni hizo siku, kunyweni chaas, maziwa ya mgando yaliyotiwa bizari, na msimkubalie mtu yeyote anayewanong'oneza mtaani kwamba anayo. Raha iko, ni ya chakula na kutembea usiku. Kunako ziwa la Kankaria, lililochimbwa 1451, familia zinatembea mpaka usiku.

Usafiri ni riksha, hizo mnazoita tuktuk, mwambie dereva awashe mita au mtumie programu ya simu bei ijulikane mapema. Mna metro pia, inapita chini ya mji wa kale hapo Kalupur, na mabasi ya njia yao yenyewe tangu 2009, wenzenu wa Dar wanayajua kama mwendokasi. Kule watu wanalipana kwa kuskani simu hata kwa muuza chai, wewe mgeni simu yako huenda isikubali, kwa hiyo kila asubuhi muwe na noti ndogo ndogo. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, uwanja wa ndege wanaiulizia.

SWALI: Shikamoo bibi, mimi niko Muscat, nina likizo mara moja tu kwa mwaka. Nataka kwenda na rafiki zangu wa kazini na kamera zetu, mwezi gani mji huo unapendeza zaidi?

JIBU: Marahaba. Aprili mpaka Juni usiende, joto linapita 40 na wewe joto unalo la kutosha hapo ulipo. Novemba mpaka Februari ndo wakati. Navratri, usiku tisa wa kucheza garba, inaangukia Septemba au Oktoba kwa kufuata mwezi, nzuri sana kwa picha za watu lakini mchana bado kuna jua kali.

Mimi ningekupeleka Januari 14, Uttarayan, sikukuu ya vishada. Mji mzima unapanda mapaani, babu, wajukuu, mashemeji, redio zimefunguliwa, na anga lote la mji wa kale limejaa karatasi za rangi zinapigania kukatana nyuzi, anayekata anapiga kelele paa zima linaitikia. Giza likiingia wanarusha taa. Tafuteni familia ya ndani ya pol inayokodisha paa kwa siku hiyo, siku hizi wengi wanafanya, mnapata na chakula, na picha za kutoka pale hoteli yoyote haikupi. Wekeni nafasi mapema, yanajaa.

Ila uzi wa vile vishada unapakwa unga wa vioo ili ukate, unakata vidole, unakata ndege, na kila mwaka unajeruhi shingo za watu wa pikipiki. Vidole mfungeni plasta kabla ya kushika, pikipiki siku hiyo na ya pili yake msipande kabisa, na kwenye riksha kaeni ndani msitoe kichwa wala kamera.